Mluzi wa Severine na Taa ya Fizi

Wakulima wengine wa Nambis hulima kwa maksai na mjeledi. Severine alilima kwa maksai na mluzi.

Alikuwa na maksai wanne. Wawili wa mbele waliitwa Mbunge na Diwani. Wawili wa nyuma waliitwa Afisa na Karani. Asubuhi aliwafunga nira, akashika plau, akabana ulimi nyuma ya meno ya mbele, akapuliza. Mluzi mmoja mrefu maana yake twende. Miwili mifupi, geukeni. Mmoja unaoshuka taratibu, simameni. Mbunge alifundishwa kwa mluzi huo tangu akiwa ndama. Fimbo hakuielewa. Ukimpiga alisimama tu akakutazama, kama mtu anayekumbushwa ahadi za uchaguzi uliopita.

Mashamba ya Nambis yako kwenye miteremko. Ukichelewa kugeuka, ng'ombe wanaingia kwenye bustani ya jirani, au wanaishia bondeni. Ndiyo maana watu walimtafuta Severine. Mluzi ule ulimlisha yeye na mkewe Natalia. Ulimsomesha binti yao Justina mpaka chuo cha ualimu.

Sasa sikia kilichompata.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2013. Ngano ilikuwa imekwishavunwa. Severine alikuwa anavunja mabua kwenye shamba lake mwenyewe. Chini ya shamba palikuwa na matuta ya vitunguu saumu ya Natalia. Yalibakiza wiki tatu tu kuvunwa. Maksai walipofika mwisho wa mfuo, Severine alibana ulimi, akapuliza miwili mifupi.

Mluzi haukutoka. Ulitoka upepo. "Fsss."

Akapuliza tena kwa nguvu. "Fsss." Jino la mbele la chini lilisogea, likarudi, kama mlango usio na komeo. Mdomo ukajaa damu.

Mbunge hakusikia amri ya kugeuka, kwa hiyo akaendelea mbele. Diwani akamfuata, kama kawaida yake. Afisa na Karani hawakuwa na la kusema. Ng'ombe wote wanne, pamoja na plau, wakapita katikati ya vitunguu.

Natalia alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Baba Justina! Umelala?"

"Sijalala."

"Mbona hukupiga mluzi?"

"Nimepiga."

"Mimi sikusikia."

"Hata Mbunge hakusikia," Severine alisema, akatema mate ardhini. Mate yalikuwa mekundu.

Natalia aliangalia vitunguu vyake. Halafu aliangalia ile damu. Mwiko ukashuka chini polepole.

Damu hiyo haikuanza siku ile. Ilikuwa na miaka miwili. Kila Severine alipopiga mswaki, mswaki ulitoka na damu. Akawaza hivi: mswaki unaniumiza, ngoja niuache. Akauacha. Hakuiona tena damu, akafurahi, kama mtu aliyefumba macho ili fisi asimwone.

Fizi zikavimba. Hapo Severine akasema, "Ni maji." Unajua, meno yake yalikuwa na rangi ya kahawia. Utotoni aliishi kwa mjomba wake upande wa Hanang, na watoto wote waliokunywa maji ya kisima cha huko walikuwa na meno ya namna hiyo. Basi meno yalipoanza kulegea alisema, "Ni maji yale yale. Yanaanza na rangi, yanamalizia na mizizi."

Mdomo ukaanza kunuka. Hapo akasema, "Ni saumu." Nani angebisha? Nyumba yao ilikuwa na saumu darini, saumu kwenye mboga, saumu kwenye mifuko ya koti. Mtu wa kwao akinuka saumu, watu wanajua amevuna vizuri. Hata Natalia, aliyelala naye mto mmoja, alisema ni saumu. Aligeukia ukutani tu.

Kwa hiyo maji na saumu, ambavyo havikuwa na kosa, vilibeba lawama miaka miwili.

Na dawa je? Severine alitwanga saumu, akachanganya na ugoro, akaisukuma kwenye fizi. Iliwaka kama kaa la moto. "Sasa dawa inafanya kazi," alisema huku machozi yanamtoka. Kesho yake fizi ilikuwa nyeupe, imeungua.

Jioni ya siku ile ya vitunguu alifika mgeni. Aliitwa Gidahosh. Alikuwa Mbarabaigi, mfugaji wa upande wa Gitting, na ndiye aliyemuuzia Severine yule Mbunge. Gidahosh hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini. Yalitolewa akiwa mtoto, kwa mila ya wazee wake. Kwa miaka kumi na tano Severine alimtania kila walipokutana. "Gidahosh, funga geti, mbuzi watatoka!"

Leo ilikuwa zamu ya Gidahosh.

"Nimesikia Mbunge amefanya ziara kwenye saumu," alisema.

"Cheka tu. Siku ni yako."

"Fungua mdomo nione." Severine alifungua. Gidahosh alichungulia, akatikisa kichwa. "Karibu kwetu, rafiki. Lakini mimi nilitolewa mbele ya wazee, kwa heshima. Wewe yanatoka hovyo hovyo, hata mbuzi hajachinjwa!"

Natalia alicheka bila kupenda. Severine hakucheka.

"Kesho nakwenda kituo cha afya Dongobesh," alisema. "Nang'oa yote ya mbele. Nimechoka."

Gidahosh aliacha kucheka.

"Usifanye hivyo."

"Kwa nini? Wewe huna, na unaishi."

"Mimi naishi, ndiyo. Lakini umewahi kunisikia napiga mluzi? Hujawahi. Upepo unapita tu kwenye geti. Ukiyang'oa, Mbunge utamwambia nini? Utamwandikia barua?"

Usiku huo Severine hakula. Kulikuwa na makande, na makande yalikuwa magumu kwa meno yale. Lakini hata uji haukupita. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Hakujua kazi nyingine. Alikuwa na ng'ombe wanne wasiojua lugha nyingine.

Asubuhi walikwenda Dongobesh, yeye na Natalia. Kwenye kituo cha afya walimkuta msichana amevaa koti jeupe.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti," Severine alijibu. "Tabibu wa meno yuko ndani?"

"Ndiye mimi. Naitwa Doris."

Severine alimtazama mkewe. Doris alishazoea.

"Wengi wanaulizia mzee, baba. Mzee amestaafu. Kaa kwenye kiti. Una shida gani?"

"Nimekuja kung'oa."

"Mangapi?"

"Yote ya mbele."

"Yamekukosea nini?"

Severine akaeleza habari ya mluzi, ng'ombe na vitunguu. Doris alicheka kidogo, akavaa glavu, akachukua kioo kidogo na kijiti chembamba cha chuma. Kijiti kilikuwa na alama kama rula. Akakiingiza taratibu kati ya jino na fizi.

"Tatu," alisema. "Tano. Saba. Nane. Saba."

"Unahesabu meno? Ninayo mengi kuliko hayo."

"Sihesabu meno, baba. Napima kina. Fizi nzima inalishika jino vizuri. Kijiti kinaingia milimita mbili au tatu, basi. Kwako hapa kimeingia nane. Kuna mfuko kati ya jino na fizi, na ndani ya mfuko kuna usaha."

"Ni maji ya Hanang," Severine alisema. "Unaona rangi?"

"Rangi naiona. Rangi ni ya maji, kweli. Madini yaliyomo kwenye maji yale yaliingia kwenye meno wakati yanaumbika, ukiwa mtoto. Lakini maji hayakulegeza meno yako. Huo ni ugonjwa mwingine."

"Na harufu?" Natalia aliuliza haraka. "Hiyo si saumu?"

"Mama, saumu inanuka ukiila. Kesho kutwa imeisha. Hii imeisha lini?"

Natalia alimtazama mumewe kama mtu aliyegundua kwamba mgeni aliyelala kwake miaka miwili hakuwa ndugu.

Doris akasogeza kiti. "Nyie ni wakulima wa mteremko. Mnajua mti unasimama kwa sababu gani?"

"Udongo," Severine alisema.

"Mvua ikichukua udongo?"

"Mizizi inabaki nje. Mti unayumba."

"Ndivyo jino lilivyo. Fizi na mfupa ndio udongo wake. Kila siku kuna utando laini unakaa kwenye meno. Tunauita ukoga. Mswaki unauondoa. Usipouondoa, unakuwa mgumu kama jiwe. Huo ni ugaga, na mswaki hauuwezi tena. Vijidudu vinakaa humo, fizi inavimba, inatoa damu. Halafu vinashuka chini, na mfupa unaanza kuliwa. Huumwi sana. Ndiyo hatari yake. Unaliwa udongo kimya kimya."

"Kwa hiyo ile damu ya kwanza..."

"Ile damu ilikuwa inakuita, baba. Ulitakiwa kuongeza kupiga mswaki, taratibu, na kuja hapa. Wewe ukaacha."

Severine aliinamisha kichwa.

"Ugoro unatumia?"

"Kidogo."

Natalia alikohoa.

"Kidogo mara ngapi?"

"Kidogo mara nyingi," Severine alikubali.

Doris akamtoboa kidole, akapima sukari. Akaeleza kwamba mwenye kisukari huugua fizi upesi, na fizi mbovu humpandishia sukari. Severine hakuwa na kisukari. Hilo lilikuwa jambo la kwanza zuri siku ile.

"Sasa," Doris alisema. "Naweza kukung'olea. Dakika chache tu. Lakini jino likitoka halirudi. Naweza pia kusafisha ugaga wa juu leo hii. Ule wa chini, kwenye mifuko ya milimita nane, unahitaji mtaalamu wa fizi. Wiki ijayo wataalamu wanakuja kwenye hospitali ya misheni, kule chini ya Mlima Hanang. Wana mashine ya leza."

"Leza ndiyo nini?"

"Ni mwanga."

"Mwanga wa nini?"

"Mwanga tu. Lakini umebanwa. Tazama maji, baba. Yakitawanyika shamba zima hayasukumi hata jani. Yakibanwa kwenye mfereji mmoja yanachimba ardhi. Leza ni mwanga uliobanwa hivyo."

Severine alicheka kwa mara ya kwanza. "Yaani nimulikwe mdomoni nipone? Binti, nina tochi nyumbani. Ya betri tatu!"

"Hiyo mulikia ng'ombe," Doris alisema. Severine hakutaja tena kung'oa. Doris akamsafisha ugaga wa juu, kisha akamwandikia barua ya rufaa.

Wiki iliyofuata Gidahosh aliwasubiri kwenye geti la hospitali. Alisema amekuja kumsindikiza rafiki. Ukweli ni kwamba alitaka kuiona hiyo taa.

Mtaalamu aliitwa Daktari Yonas. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Kwanza alimpiga Severine picha za meno. Halafu alichukua tone dogo kutoka kwenye fizi yake, akaliweka kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini. Hadubini ni mashine ya kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hii iliunganishwa na televisheni ukutani.

"Tazameni," alisema.

Televisheni iliwaka.

Palikuwa na viumbe. Vingi, havihesabiki. Vingine vilijipinda kama nyoka. Vingine vilizunguka. Vingine vilitembea makundi kwa makundi, vikipishana, kama mifugo kwenye lambo wakati wa kiangazi.

"Hii ni filamu ya wapi?" Gidahosh aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si filamu. Ni mdomo wake. Sasa hivi."

Gidahosh alisogea karibu na kioo cha televisheni. Yeye alikuwa na ng'ombe mia moja na zaidi, na alimjua kila mmoja. Alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi.

"Severine," alisema mwishowe, "una mifugo mingi kuliko mimi. Na yote unailisha kwa nyama yako mwenyewe."

Severine alijishika shavu. Miaka miwili alikuwa ametembea na kundi lile, kanisani, shambani, kitandani. Hakulisikia hata likikoroma.

"Watoke," alisema. "Daktari, watoe wote."

Natalia aliruhusiwa kuingia naye chumba cha matibabu. Mlango ukafungwa, taa nyekundu ikawaka juu yake ili mtu asiingie. Kila mmoja alivaa miwani mizito ya kijani, hata Severine kitandani. Mwanga ule haufai kuingia machoni. Natalia alimtazama mumewe na miwani ile, akaona anafanana na fundi wa kuchomelea mageti. Angekuwa na nafasi angecheka. Badala yake alimshika mumewe mguu.

Sindano ya ganzi iliuma kama nyuki mmoja. Baada ya hapo mdomo ukalala. Daktari alichukua kifaa kinachotetemeka na kurusha maji, akaanza kuondoa ugaga kwenye mizizi. Vipande vilitoka, vyeusi, vigumu kama kokoto. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote.

Halafu akavuta mashine ya leza. Natalia alitegemea mtambo mkubwa kama wa kusaga. Ilikuwa ndogo, ungeweza kuibeba kama redio. Kutoka kwenye mashine ulitokea uzi wa kioo, mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Kwenye ncha ya uzi kulikuwa na nukta nyekundu.

"Huo ndio mwanga wa dawa?" Natalia aliuliza.

"Hapana, mama. Huo mwekundu ni wa kunionyesha njia tu. Mwanga wa dawa wenyewe hauonekani kwa macho."

Natalia alitoka nyumbani akijua anakuja kuona mwanga. Sasa alikuwa anautazama, na hauonekani.

Daktari aliuingiza uzi taratibu kati ya jino na fizi. Mashine ikaanza kulia. Tik, tik, tik. Nukta nyekundu ilizama ndani ya fizi, na fizi ikang'aa kwa ndani, nyekundu, kama mkono wa mtoto ukiuweka mbele ya tochi. Jino baada ya jino, fizi iliwaka na kuzimika. Palitokea harufu ndogo ya kuungua, ikapita. Natalia alisubiri damu. Ilitoka kidogo tu, ikakoma.

"Mwanga unaunguza vijidudu na nyama iliyooza ndani ya mfuko," Daktari Yonas alieleza bila kuinua kichwa. "Tena unasaidia damu kuganda."

Natalia alifikiria lile kundi la kwenye televisheni. Tik, tik, tik. Akafanya ishara ya msalaba kimya kimya.

Kazi ilipokwisha, daktari alifunga meno ya mbele ya chini kwa waya mwembamba, yashikane kama maksai kwenye nira, yale imara yayabebe yaliyolegea. Gego moja la nyuma aliling'oa. Mfupa wake wote ulikuwa umekwisha.

"Hili ulichelewa," alisema. "Hata leza haifufui kilichokufa."

"Huu ni muujiza," Natalia alisema.

"Usiuite muujiza, mama. Hospitali nyingi hazina leza, na watu wanapona kwa kusafishwa vizuri kwa vifaa vya kawaida. Kazi kubwa ni ile ya kusafisha mzizi. Mwanga ni msaidizi. Na msaidizi mkubwa kuliko huu ni mswaki. Asipopiga mswaki, mifugo ile itarudi, na itazaana."

Kisha akamwinamia Severine. "Masharti. Wiki ya kwanza chakula laini. Ugoro, basi kabisa. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, pale jino linapokutana na fizi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Kila mwezi mwone Doris. Na mluzi..."

Severine alifungua macho wazi.

"Mluzi marufuku miezi mitatu. Ukipuliza utavuta meno kabla fizi haijashika. Baada ya hapo Doris atapima."

"Na akipima akakuta haijashika?"

Daktari hakumdanganya. "Basi tutayapoteza."

Gidahosh alikuwa anasubiri nje. "Je, imekuunguza?" aliuliza.

Severine alikuwa bado na ganzi. "Hapana," alisema kwa shida. "Nimeingiwa na jua mdomoni, na sikusikia joto."

Miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayezungumza na ng'ombe.

Asubuhi Severine alisimama karibu na zizi, mswaki mdomoni, akipitisha taratibu kama alivyofundishwa. Siku za kwanza damu ilionekana kidogo. Hakuacha. Wiki ya pili ilipungua. Wiki ya nne haikuonekana. Mbunge alimtazama kila asubuhi juu ya ua, masikio mbele, akisubiri neno. Severine alimpapasa tu shingoni.

Ugoro ulimtesa kuliko waya. Alikasirika bila sababu. Alimgombeza Karani kwa kosa la Diwani. Siku moja Natalia alimkuta anatafuta kitu kwenye mifuko ya koti kuukuu.

"Unatafuta nini?"

"Saumu," Severine alisema.

"Saumu ziko darini. Niletee hilo koti nilifue."

Alilifua mara mbili.

Saumu zilizopona kukanyagwa zilivunwa, zikafungwa mafungu, zikaning'inizwa. Mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kukaa juu ya milima. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi udongo wa Nambis ulinukia, na watu wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa Mzee Sebastiani, jirani wa juu.

"Shikamoo mzee," Severine alisema.

"Marahaba. Shamba langu liko tayari. Lini?"

"Bado siku tisa, mzee. Sijapimwa."

"Siku tisa! Mvua itanisubiri? Piga kamluzi kadogo tu. Nani atajua?"

Severine aliangalia miteremko. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unaomba plau. Ulimi wake ulikwenda wenyewe nyuma ya meno. Akaurudisha.

"Fizi zitajua," alisema. "Nenda ukamwite mwingine, mzee. Sitakasirika."

Mzee Sebastiani alikwenda akamwita mwingine, na wengine wawili wakafanya hivyo hivyo. Severine alikaa kwenye kigogo, akisikia mijeledi ya watu mashambani. Natalia akamletea uji, akakaa naye. Wote wawili walikuwa wanawaza swali moja.

Siku ya tisa walikuwa Dongobesh kabla kituo hakijafunguliwa.

Doris alivaa glavu, akachukua kile kijiti chenye alama. Severine alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Sasa alijua maana ya namba.

"Tatu," Doris alisema.

Natalia alishika ukingo wa meza.

"Mbili. Tatu. Tatu." Kijiti kikasogea mpaka kwenye lile jino lililoyumba kama mlango. Doris akapima mara moja. Akapima tena.

"Nne," alisema. "Lilikuwa nane."

"Ni nzuri au mbaya?" Severine aliuliza, mdomo wazi.

"Ni nzuri, baba. Si jino la kijana. Lakini limeshika. Fizi yako ni ya pinki na haitoi damu." Akaanza kuondoa waya. "Utakuja hapa kila baada ya miezi mitatu. Ukiacha mswaki, usije kuniambia habari ya maji."

Kesho yake asubuhi Severine alifunga nira kwenye shamba lile lile. Habari zilikuwa zimesambaa. Mzee Sebastiani alisimama kwenye ua. Gidahosh alikuwa amelala kwao tangu jana. Alisema amekuja kumwona Mbunge.

Severine alishika plau. Natalia alikuja mpaka karibu, akamrekebisha kola ya koti ambayo haikuwa na tatizo. Akavuta pumzi.

"Leo unanuka saumu," alisema.

"Nimekula saumu jana."

"Najua. Sasa ndiyo naijua harufu ya saumu."

Severine aliwaanzisha maksai kwa kamba, kwa mkono, kwa sababu aliogopa. Walikwenda taratibu, udongo ukifunguka nyuma yao, mpaka mwisho wa mfuo. Mbele yao kulikuwa na matuta ya Natalia, yaliyotengenezwa upya. Mbunge alikuwa hatua tano. Hatua nne. Severine alibana ulimi nyuma ya meno. Hayakusogea.

Akapuliza.

Miwili mifupi. Ilitoka safi, mikali, ikavuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi.

Mbunge alisimama kama aliyeitwa jina lake baada ya miaka. Masikio yake yakaenda nyuma, yakaja mbele. Kisha akageuka. Diwani akageuka naye. Ng'ombe wote wanne wakazunguka ukingoni mwa tuta la kwanza, na hakuna kwato hata moja iliyoligusa.

Severine alijigusa mdomo, akaangalia vidole vyake. Vilikuwa vikavu. Alikuwa anawaza ule mwanga ambao hata haukuonekana.

Gidahosh alikuja akikanyaga mfuo mpya, kofia mkononi, kama siku ile mbele ya televisheni.

"Yule binti wa Dongobesh," alisema, "anapima na Wabarabaigi?"

"Anapima kila mwenye mdomo. Kwa nini?"

"Yangu nayo yanatoa damu. Nilikuwa nasema ni maji." Gidahosh aliangalia pembeni. "Mawili waliyatoa wazee, kwa sababu zao. Haya yaliyobaki nataka kuzeeka nayo."

Severine alikuwa na utani wa geti tayari mdomoni. Miaka kumi na tano hakuwahi kuukosa. Akaumeza.

"Nikimaliza shamba hili tunakwenda," alisema. "Nitakupeleka mwenyewe."

Akashika plau, akabana ulimi, akapiga mluzi mmoja mrefu. Na Mbunge, ambaye kabla ya asubuhi ile hakuwa ameambiwa neno kwa miezi mitatu, akaanza kutembea.